Naendesha duka la marehemu baba, kaka anasema haliwezi kuhamia Machame

SWALI

Shikamoo mshauri. Nina miaka 37, mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alifariki 2018. Aliacha duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, upande wa Mbuyuni, pamoja na kiwanja chake, Fuso mbili, na kihamba (shamba la ukoo lenye migomba na nyumba) nyumbani Kibosho. Mirathi hatukufungua, mama alisema tusije tukagombana. Tangu baba aanze kuugua 2016 duka naliendesha mimi. Mama ana miaka 68, anakuja kila siku na kukaa kaunta. Leseni, TIN, hati na kadi za magari bado ni jina la baba. Akaunti ya benki ni ya mama. Kaka mkubwa yuko Dar, mdogo wetu wa mwisho wa kiume anaendesha watalii Arusha, mdogo wangu wa kike ni nesi. Mama husema mbele za watu kwamba duka ni langu. Krismasi iliyopita kaka alisema kikaoni kuwa duka la baba haliwezi kuhamia Machame, kwa sababu nimeolewa huko, na mdogo wetu wa kiume akamuunga mkono. Mshahara sijawahi kulipwa. Nikiwa na shida nachukua kwenye droo na kuandika kwenye daftari. Je, mama anaweza kunipa duka? Ndugu zangu wanaweza kuninyang'anya? Na nimwambieje mama kwamba nataka kulipwa bila kuonekana nina tamaa?

Msomaji, Moshi

JIBU

Marahaba dada. Nianze na lile litakalokuuma: hapana, mama hawezi kukupa duka. Si kwamba hana nia au hana haki, ila duka si lake peke yake hata aligawe. Tangu siku baba yenu alipofariki, duka, kiwanja na magari ni mali ya marehemu inayosubiri msimamizi wa mirathi. Maneno ya mama mbele ya wateja yanakupa heshima mjini, lakini mahakamani hayana uzito.

Na hali yenu ina hatari kuliko unavyoiona. Duka lililosajiliwa kama jina la biashara tu si mtu kisheria. Ni jina la kufanyia kazi la mtu fulani, na mtu huyo akifa hakuna kinachobaki kikitembea isipokuwa mali na madeni. Kila risiti inayotoka kwenye mashine yenu ya EFD leo inasema kwamba mtu aliyezikwa 2018 ameuza simenti asubuhi hii. Siku Fuso ikipata ajali barabara ya Arusha, au TRA wakitaka hesabu, au benki ikitaka hati ili mkope, mtaulizwa swali moja tu: barua ya usimamizi wa mirathi iko wapi? Kwa hiyo hata kama kaka zako wangekuwa malaika, bado mngekuwa na kazi ya kufanya.

Sasa, nani ana nini? Inategemea sheria ipi itatumika, na hapa ndipo familia nyingi za Uchagani zinapopotea njia. Kwa Waafrika wa Tanzania Bara zipo njia tatu: mila, Uislamu, na ile Sheria ya Urithi ya India ya 1865 ambayo Waingereza walituachia na bado inafanya kazi. Njia ya mila, kama ilivyoandikwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, inawapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, na nyie mabinti la tatu. Mjane mwenye watoto hapewi fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania iachane na kanuni hizo, baada ya wajane wawili kupeleka malalamiko. Nakutajia ili ujue kwamba kaka yako akisema "mila zetu" hasemi hewani. Kuna karatasi ya kushika.

Lakini mahakama haiangalii kabila tu. Tangu miaka ya sitini Mahakama Kuu imekuwa ikipima namna marehemu alivyoishi na nia aliyoonyesha. Katika mirathi ya Innocent Mbilinyi, mwaka 1969, marehemu alikuwa Mngoni aliyeoa Mchaga na kuishi mbali na kwao, na mahakama ilikataa kumrithisha kimila. Baba yenu, kama alifunga ndoa kanisani, akaishi mjini, akafanya biashara ya leseni na benki, akawasomesha wote bila kubagua, basi mna hoja nzuri ya kuomba sheria ya 1865. Ombi hilo halipelekwi Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Wakristo wengi huenda huko kwa sababu ni karibu na gharama ni ndogo, halafu miaka kadhaa baadaye ndugu mmoja anaibuka na hoja kwamba mahakama haikuwa na mamlaka, na kila kilichogawanywa kinarudi mezani. Nendeni Mahakama ya Wilaya au ya juu yake, kulingana na thamani ya mali, mkiwa na wakili. Kwa kuwa imepita zaidi ya miaka 3 tangu kifo, ombi lenu lazima lieleze kwa nini mmechelewa. "Mama aliogopa tugombane" ni maelezo ya kweli. Yaandikeni hivyo hivyo.

(Kwa wasomaji Waislamu, hesabu ninayoiweka hapa chini si yenu: mjane mwenye watoto hupata thumuni, na binti nusu ya fungu la kaka yake. Mengine nitakayosema kuhusu kampuni na mshahara yanawahusu vilevile.)

Kwa sheria ya 1865 mjane hupata theluthi moja, na theluthi mbili zinazobaki hugawanywa sawa kwa watoto, wa kike kwa wa kiume. Nyie mko wanne, kwa hiyo kila mmoja ana sehemu moja ya sita. Wakili wenu pia aangalie kama mama anaweza kutenga kwanza kile kilicho jasho lake mwenyewe kabla ya mgao. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu ile ilikuwa ya talaka, si ya mirathi, kwa hiyo usiihesabu kama ushindi ulio mfukoni. Ni hoja, na kwa mwanamke aliyepima misumari kaunta miaka yote hiyo ni hoja yenye miguu.

Kwa hiyo ukiniuliza una kiasi gani cha duka, nitakwambia moja ya sita, sawasawa na ndugu yako anayeendesha watalii na hajui bei ya nondo. Najua inakera. Miaka yote ile ya kufungua duka saa moja asubuhi haionekani popote kwenye mgao, kwa sababu sheria ya mirathi inauliza wewe ni mtoto wa nani, haiulizi ulifanya nini.

Hapo ndipo ushauri wangu wote unaposimama: usigombee urithi, gombea uongozi. Ukigombea urithi unasimama mahali ambapo wewe na kaka zako mko sawa, tena ukibahatisha hakimu, utashushwa daraja la tatu. Ukigombea uongozi unasimama mahali ambapo hakuna wa kushindana nawe. Kaka yako wa Dar hataki kuja kukaa Mbuyuni kuhesabu mifuko ya simenti. Anachotaka ni kuhakikisha hajapokonywa. Mpe uhakika huo kwa maandishi, na utashangaa upepo utakavyogeuka.

Usiingie kikaoni na hoja kwamba unastahili kwa kuwa ni mtoto wa marehemu, wala kwa kuwa ni mwanamke aliyeonewa, hata kama yote mawili ni kweli. Hoja ya damu haina afya kwa biashara yoyote. Utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa 2007 uliangalia kampuni zilizobadilisha viongozi. Mzaliwa wa kwanza wa mwenye kampuni akiwa wa kiume, uongozi ulibaki ndani ya familia mara nyingi zaidi kuliko akiwa wa kike. Na kampuni zilizokabidhiwa kwa mwanafamilia zilishuka faida zikilinganishwa na zilizokabidhiwa kwa mtu wa nje. Wale ni Wazungu wa Denmark, hawana kihamba wala Tangazo Na. 436, na bado jinsia ya mtoto wa kwanza iliamua nani akae kwenye kiti. Hoja yako iwe hesabu: duka lilikuwa na mzigo wa kiasi gani baba alipougua, lina kiasi gani leo, lilikuwa linadaiwa nini, linadai nini. Kama 2018 hamkuhesabu mali, tafuta ankara za zamani za mawakala na taarifa za benki. Utapata picha ya kutosha.

Na mzee yeyote akikwambia kwamba Uchagani mwanamke hasimamii biashara, mkumbushe kwa adabu nani alikuwa anashika masoko ya mlimani kabla Mjerumani hajafika. Walikuwa bibi zetu, na ndizi zao.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kikao cha ukoo mtakihitaji, maana mahakama kwa mazoea huomba muhtasari wake unaopendekeza msimamizi. Mkifanye Desemba watu wakiwa wamepanda nyumbani, lakini si siku ya Krismasi yenyewe, na kianze asubuhi. Kikao cha mali kikianza baada ya mbege kuzunguka hakiishi vizuri. Mpendekeze wasimamizi wawili: mama na kaka yako mkubwa. Najua ulitaka jina lako liwe pale. Liache. Msimamizi si mrithi. Ni mtu aliyekula kiapo kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa, na ndani ya miezi 6 anapaswa kupeleka mahakamani orodha ya mali, ndani ya mwaka mmoja hesabu kamili. Kaka akiwa msimamizi pamoja na mama, ataona daftari la madeni kwa macho yake, ataweka sahihi yake kwenye orodha, na hataweza kusema tena kwamba alifichwa. Heshima ya mzaliwa wa kwanza inatunzwa, na kazi ngumu inamwangukia yeye. Ila hakikisheni wakili anamweleza mbele ya wote tofauti ya kusimamia na kumiliki, kwa sababu mirathi nyingi za mkoa huu zimeharibikia hapo hapo.

Kihamba kitoeni kwenye mazungumzo ya duka mapema kabisa. Kile kina makaburi, kina nyumba ya mama, na desturi ya mtoto wa mwisho wa kiume kubaki na nyumba ya wazazi bado ina nguvu mioyoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, kwa hiyo hunyimwi. Lakini nakushauri usikitake. Ukisema wewe mwenyewe kikaoni, "kihamba abaki nacho mdogo wetu, mama akae humo maisha yake yote, na tukizika tuzike hapo," umeondoa nusu ya hofu ya wale wanaume wawili kabla duka halijatajwa. Liandikwe kwenye muhtasari. Na huyo kitinda mimba akishapata kihamba peke yake, ni haki thamani yake izingatiwe kwenye mafungu mengine. Hilo mzungumze kwa upole, msilipitishe kimya.

Kiwanja cha duka nacho kisiingie kwenye biashara. Msimamizi akihamishe kwenda kwa warithi kwa majina yao, kisha biashara ikipange kwa mkataba na kulipa kodi ya pango kila mwezi (kumbukeni kodi ya zuio ya asilimia 10, inayokatwa kwenye pango na kupelekwa TRA). Familia nyingi hawalioni hili, na kwa maoni yangu ndilo linaloleta amani kuliko yote. Kaka yako wa Dar leo hapati chochote kutoka kwa mali ya baba yake isipokuwa ahadi. Siku pango likianza kuingia kwenye simu yake kila tarehe 5, duka litakuwa limehama kutoka "lile analokula dada" kwenda "lile linalonilipa". Zaidi ya hapo, biashara ikiyumba siku moja, kiwanja hakitauzwa kwa madeni yake, ilimradi hamjakiweka rehani.

Biashara yenyewe ndiyo muisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama kampuni binafsi. Sheria inaruhusu wanahisa hadi 50, nyie mko watano. Mzigo, magari na madeni ya wateja viingie humo, na kila mrithi apate hisa kwa fungu lake. Tuseme mnatengeneza hisa 360. Mama anapata 120, kila mtoto 60. Hapo tulia uangalie. Wewe na mama mna 180, yaani nusu kamili. Nusu haitoshi, maana azimio la kawaida la wanahisa, likiwemo la kumwondoa mkurugenzi, linapita kwa zaidi ya nusu. Mkiwa na mdogo wako nesi mna 240. Kaka zako wawili wana 120, theluthi moja. Kwa kuwa kubadili katiba ya kampuni kunahitaji robo tatu ya kura, wao wakikataa haibadiliki. Waambie hivyo waziwazi: "Bila nyie siwezi kubadilisha kanuni." Huhitaji kuwaficha hesabu inayowalinda.

Sasa mwondoe mama kwenye picha, Mungu ampe maisha marefu. Akifariki bila wosia, hisa zake 120 zinagawanywa kwa watoto wanne, 30 kila mmoja. Kila mtu anakuwa na 90. Wanaume wawili 180, wanawake wawili 180. Yaani familia nzima inapasuka katikati, kwa mstari uleule uliochorwa na kaka yako Krismasi, na hakuna uamuzi unaoweza kupita. Maana yake, kila siku mama anayokaa bila wosia ni siku ya kamari.

Angalia inavyobadilika kwa wosia mdogo tu. Mama akikuachia wewe hisa 60 na zile 60 nyingine wakagawana wenzako watatu, 20 kila mmoja, wewe unakuwa na 120 na wao 80 kila mmoja. Huna wingi. Lakini ukimpata ndugu mmoja tu, yeyote, mna 200 kati ya 360 na mnaamua. Na wao kukutoa kwenye kiti inabidi wakubaliane wote watatu. Mimi napenda mgao huo kuliko ule wa kukupa vyote, kwa sababu unakulazimisha kubaki na angalau ndugu mmoja upande wako maisha yako yote. Kiongozi wa biashara ya familia ambaye ndugu zake wote watatu wamemchoka, hata mimi nisingemtetea.

Wosia huo uandikwe vizuri. Mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo, wala asiwe mtu anayepata kitu ndani yake. Hivyo mtakuwa salama ukipimwa kwa mila au kwa sheria ya 1865. Kwa kuwa anawapa watoto mafungu tofauti, aeleze sababu kwa maneno yake. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika wosia na kuutunza. Wewe usiuandike, usimpeleke mama kwa gari lako, usikae chumbani anaposaini. Amsindikize mdogo wako nesi, au bora zaidi, rafiki yake wa jumuiya. Wosia unaonusa mkono wa anayefaidika huanguka kwa harufu hiyo tu. Wala msidhani mambo haya ni ya wanyonge: wosia uliodaiwa kuwa wa marehemu Reginald Mengi, mtoto wa Machame na mmoja wa matajiri wakubwa nchini, ulipingwa na watu wa familia yake na Mahakama Kuu ikaukataa 2021.

Machame sasa. Kaka yako amesema kwa ukali, lakini ndani ya ukali ule kuna swali halali: ukifa wewe, au ukiachika, nani anaingia dukani? Usimjibu kwa hasira, mjibu kwa kifungu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Hisa utakazorithi ni zako, si za mumeo. Ila sheria hiyohiyo inasema mali ya mmoja ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au kwa jitihada zao pamoja, inaweza kuhesabiwa mali ya ndoa. Kwa hiyo kama shemeji ameshawahi kuweka hela yake dukani, au atakuja kuweka, iandikwe kuwa mkopo, wenye tarehe ya kurudishwa, na urudishwe. Halafu katiba ya kampuni iseme kwamba mwanahisa akitaka kuuza, au hisa zikihama kwa kifo au talaka, wanahisa waliobaki wana haki ya kuzinunua kwanza, kwa bei itakayopimwa na mhasibu wa nje. Kifungu hicho kiwabane wote. Maana wake za kaka zako nao wametoka kwenye koo nyingine, jambo ambalo, nashangaa, halikutajwa kikaoni.

Wajapani walilitatua tatizo hili kwa njia yao: binti akiolewa, familia ilimchukua mkwe kuwa mtoto wa kulea na kumpa jina la ukoo. Osamu Suzuki aliyeongoza kampuni ya magari ya Suzuki kwa miongo mingi aliingia hivyo. Alizaliwa Matsuda, akaoa ndani ya familia na kubeba jina lao. Sidhani shemeji wa Machame atakubali kuitwa kwa jina la ukoo wa Kibosho. Isitoshe, kwa Wajapani kiti kiliishia kwa mkwe, binti akabaki kuwa daraja. Kifungu cha katiba kinatosha.

Hadi hapa nimezungumzia karatasi. Karatasi zote zikikaa sawa bado unaweza usiwe kiongozi, na hapa itabidi tumzungumzie mama, kwa heshima zake zote. Fundi anakuja, anataka bati kumi na mbili na kupunguziwa. Unamwambia bei ni hiyo. Anageuka upande wa kiti cha plastiki karibu na mizani: "Mama, mwanao amenikatalia mimi mtu wa siku zote?" Mama anatabasamu, anasema mpunguzie. Vijana wawili wa kubeba mizigo wamesikia. Kesho yake unawakataza kutoa mzigo wa mali kauli bila sahihi, na wao wanamwangalia mama kwanza. Sijakaa dukani kwenu, lakini ningeshangaa kama halijatokea wiki hii.

Usimwondoe mama kaunta. Wateja wengine wanakuja kwa ajili yake, na kumrudisha nyumbani mjane aliyezoea kazi ni kumuua kabla ya wakati wake. Kinachohama ni mamlaka, na mamlaka ya duka iko kwenye vitu vichache vinavyoshikika: nani anasaini benki, lipa namba ni ya nani, ufunguo wa stoo analala nao nani, nani anaruhusu deni. Mkubaliane vihame kimoja kimoja. Anza na madeni. Mama aseme mwenyewe, mbele ya vijana na mafundi, kwamba mali kauli yoyote inapita kwako, na kwamba yeye ameacha. Aseme mara nyingi. Kisha mwachie kitu kilicho chake kweli: aende na wewe kwa mawakala, maana neno lake bado linawapa mzigo kabla ya malipo, na akutambulishe kama mkurugenzi, si kama "binti yangu ananisaidia". Mkianza kampuni awe mwenyekiti wa bodi, kaka mkubwa awe mjumbe, na hesabu zisomwe kila miezi mitatu kwa simu au ana kwa ana. Kaka yako akisomewa hesabu mara nne kwa mwaka hatakuwa na la kusubiri Krismasi.

Mshahara umeuliza mwisho, kama jambo la aibu. Mimi ningeanza nalo. Kuchukua kwenye droo na kuandika kunakufanya uonekane mwizi mwaminifu. Hakuna anayejua unapata kiasi gani, kwa hiyo kila mtu anakisia, na ndugu aliye mbali hukisia juu. Mshahara unaojulikana unamaliza kukisia, unakuingiza NSSF (asilimia 20 ya mshahara, sehemu yako na ya mwajiri), na unaonyesha kama duka kweli lina faida au linaishi kwa sababu wewe hulipwi. Hilo la mwisho linaweza kuwashtua wote, hata wewe.

Lile daftari ulilokuwa unaandikia lijumlishe mwaka kwa mwaka. Weka pembeni kiasi ambacho meneja wa kuajiriwa angelipwa kwenye duka la ukubwa huo mjini Moshi kwa miaka ileile. Tofauti hiyo usiidai. Hakuna atakayekulipa malimbikizo ya tangu 2016, na ukiyadai utaonekana umeleta bili kwenye msiba. Isome tu kikaoni, kisha uombe mshahara kuanzia mwezi ujao. Na mama aitaje ndani ya wosia wake kama sababu ya zile hisa 60.

Kwa mama mwenyewe usiende na neno "nataka". Mwendee jioni mkifunga hesabu, mpe daftari alishike, mwambie: "Mama, kaka anasema ninakula duka. Naomba nianze kulipwa kiasi kinachojulikana na wote, ili siku wakikuuliza uwe na jibu." Hilo si ombi la mwenye tamaa, na mama aliyefanya biashara miaka yote hiyo ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Akikubali, kesho yake mwende kuchukua nakala ya cheti cha kifo, maana mahakamani hamtasikilizwa bila hicho.